Simu ya Korfu

Madame niliyekuwa nikimtunza alikuwa na miaka themanini na miwili na nyonga mbili za chuma. Aliishi peke yake Berchem-Sainte-Agathe, pembeni mwa Brussels, katika nyumba yenye ngazi nyingi kuliko watu, na mimi nilikwenda kwake siku sita kwa wiki kumwogesha, kumvalisha, kumpikia supu na kusikiliza malalamiko yake juu ya supu hiyohiyo. Zamani alikuwa mwalimu wa shule, na kusema kweli hakuwa ameacha. Alinisahihisha Kifaransa, alinisahihisha namna ya kukunja shuka, na siku moja alinisahihisha namna ya kukohoa. Hatukupendana sana. Tulizoeana, na kuzoeana nako ni kazi.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, binti yake aliamua kumlipia matembezi ya meli katika Bahari ya Adria. Siku saba: kupandia Venisi, kusimama Dubrovnik, Korfu na Bari, kisha kurudi Venisi. Binti mwenyewe hakuwa na nafasi ya kwenda. Akaniita sebuleni, akafungua kijitabu chenye picha za meli nyeupe, akaniambia kwamba mama yake hawezi kushuka bandarini bila mtu wa kumshika mkono na kumsukumia kiti cha magurudumu, na kwamba mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimeingia Ubelgiji miaka minne kabla ya hapo na begi moja, na meli pekee niliyowahi kupanda ni ile ya Bukavu kwenda Goma, tuliyobanana ndani yake na mbuzi na magunia ya vitunguu.

Nilifurahi kweli, mpaka nilipofika nyumbani.

Kwangu kulikuwa Forest, upande mwingine wa mji, ghorofa ya tatu. Tulikaa watatu: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa akisomea uuguzi, na mama. Mama alikuwa amefika mwaka uliotangulia, kwa karatasi nilizozihangaikia mpaka nikaota mvi. Alikuwa na presha na miguu iliyovimba. Kutwa alikaa karibu na redio, kwa sababu vita vya pili vilikuwa vimeanza kwetu mwezi uliopita na simu za Bukavu hazikupita tena. Nilimwambia habari ya meli huku navua viatu. Akazima redio.

"Bantu bako banakufa kwetu, weye unaenda kutembea na bateau?"

"Ni kazi, mama. Minaenda na Madame."

"Kazi gani ya kula glace ku mayi? Bantu ba kanisa bakiniuliza, nitabajibu nini? Donc beshi tuko nalia, mutoto wangu iko nacheza."

Aliendelea. Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, mgongo unaniuma, na hasira yangu haijawahi kuwa mbali. Nikamkata.

"Mama, hapa ni kwangu. Mimi njo niko naamua."

Kwa mtu asiye wa kwetu, maneno hayo hayana uzito wowote. Kwetu, kumwambia mzazi kwamba anakaa kwako ni kumwonyesha mlango. Mdogo wangu alishika mdomo. Mama alinyanyuka polepole, akajifunga kitenge chake, akaenda kulala jua halijatua, na tangu jioni ile hakusema nami tena. Nilimwandalia chai, akaiacha ipoe, akanywa ya mdogo wangu. Nilimsalimia asubuhi, akatazama dirishani. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyekuwa akikaa Chaussée de Wavre juu ya duka la vitenge, alikuja mara mbili kutupatanisha. Mara zote mbili mama alizungumza naye habari za Bukavu, za bei ya samaki, za kanisa, na lilipotajwa jina langu akanyamaza.

Mama alikuwa na desturi yake. Kila mmoja wetu alipoanza safari, hata ya treni ya saa moja kwenda Liège, alilowesha vidole kwa maji, akatugusa paji la uso, akasema, "Enda, rudi." Hakuna aliyewahi kuondoka kwetu bila maji yale. Asubuhi ya kuondoka nilisimama mlangoni pa chumba chake na sanduku mkononi. Alikuwa macho, nilimwona akitazama dari. Nikasema, "Mama, minaenda." Akafumba macho. Nilishuka ngazi paji la uso likiwa kavu, na njia nzima ya uwanja wa ndege niliapa kwamba neno lake nitalipata kwa simu, hata kama itabidi nipige kutoka kila bandari.

Venisi sikuiona. Niliona mgongo wa Madame, mitaro ya maji, na kibanda cha simu karibu na gati. Kadi za simu za Italia zilikuwa na kona ndogo ya kukatwa kabla ya kutumika, nami sikujua. Nilihangaika na kadi nzima ndani ya kile kibanda, naisukuma inarudi, naisukuma inarudi, mpaka mtu mmoja aliyekuwa akisubiri nje akanipokonya, akaivunja kona, akanirudishia bila kusema kitu. Mdogo wangu alipokea.

"Umpe mama."

Nilisikia minong'ono. Nilisikia redio, na nyuma ya redio kikohozi chake.

"Anasema iko analala," mdogo wangu akasema.

Mtu aliyelala hasikilizi redio. Nilikata simu nikiwa na hasira naye, na hasira ile nayo nilikuja kuijutia.

Meli yenyewe ilinishtua tangu saa ya kwanza. King'ora kililia, tukaamriwa kuvaa majaketi ya kuokolea maisha na kukusanyika sitahani. Nikajua tunazama. Nilianza kusali kwa sauti, Kiswahili kitupu, mpaka Madame aliponivuta sketi na kuniambia ni mazoezi tu, kila meli hufanya hivyo, na anayesali ni mimi peke yangu. Kesho yake niliona vikongwe wa miaka sabini wamelala juani karibu uchi, mume na mke, wakipakana mafuta mbele za watu, na mimi sikujua niweke wapi macho yangu. Mlo ulikuwa mwingi kiasi cha kunitia hofu. Na kila nilipokaa peke yangu, mtu alinijia kuniomba taulo au kahawa. Weusi wengine wote waliokuwamo walivaa sare. Mara ya tatu nilichoka kueleza, nikaenda nikaleta hiyo kahawa.

Jumatatu tulifika Dubrovnik. Meli ilitia nanga mbele ya mji wa kale, na abiria wakaanza kushushwa kwa mashua, kila mmoja na stika ya namba kifuani ili asipotee kwenye kundi lake. Mimi sikushuka. Nilisafiri na kile kitabu cha bluu wanachopewa wakimbizi badala ya pasipoti. Italia na Ugiriki walinikubalia, lakini viza ya Kroatia ilikuwa haijatoka tulipoondoka. Afisa alikipekua kitabu changu, akatikisa kichwa. Madame akachukuliwa na mfanyakazi wa meli. Nikabaki nimeegemea ukingo wa sitaha, nikitazama mji ambao sitaukanyaga.

Niliona mapaa. Mengine yalikuwa ya vigae vilivyofifia, vya kahawia, na mengine yalikuwa mekundu mapya kabisa, na mapya ndiyo yaliyokuwa mengi. Hakuna aliyenieleza. Nilijua mwenyewe kwamba kila penye vigae vipya palipigwa bomu. Niliambiwa baadaye kwamba ilikuwa hata miaka kumi haijapita. Na sasa watu walikuwa wanapigana picha pale, wanakula aiskrimu, wananunua kofia. Niliganda pale saa nzima. Nilitamani kumwambia mama kwamba nimeona mji uliopigwa ukaezekwa tena, kwamba si kila mahali panakwisha. Ndiyo habari pekee ya safari ile niliyoona inamfaa. Lakini simu ilikuwa nchi kavu, na mimi nilikuwa majini.

Jumanne tulishinda baharini.

Jumatano ilikuwa Korfu, na Korfu nilishuka. Matembezi ya asubuhi yalikuwa ya basi: nyumba ya watawa juu ya kilima, duka la mafuta ya zeituni, kisha mjini, dakika arobaini za kujitegemea kabla ya kurudi melini. Kiongozi wetu alitembea mbele na mwavuli uliofungwa ameuinua juu, akihesabu vichwa kila baada ya hatua chache. Nilimweka Madame kwenye mkahawa chini ya matao, nikamwagizia limau baridi, nikamwomba ruhusa. Akasema nisichelewe, akanitazama juu ya miwani yake. Nilikimbia.

Simu iliita muda mrefu. Mdogo wangu alipopokea, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

"Uko mugonjwa?"

"Rhume tu. Uko wapi?"

"Ugiriki. Umpe mama."

Nyumba yote ilikuwa kimya, hata redio haikusikika, na mimi nikafikiri mama ameizima ili nisimsikie anasikiliza. Damu ikanichemka, halafu ghafla ikaniishia, nikaanza kulia pale barabarani mbele ya Wagiriki na stika yangu kifuani.

"Umwambie leo sikati simu," nilisema. "Umwambie kama haongei na mimi, nitajua iko na kitu munanificha. Nitabaki hapa, bateau itaenda bila mimi."

Nilisikia simu inapokewa na mkono mwingine. Nilisikia kikohozi. Halafu ile sauti, nzito kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Mukubwa wangu."

Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa mimi ndimi kifungua mimba wake. Nilimwambia yote kwa pupa. Nilimwambia nilisema vibaya, kwamba nyumba ni yake, kwamba kama angetaka nirudi ningeogelea. Nilimwambia anisamehe. Kadi ilikuwa inakwisha, naona namba zinashuka kwenye kioo kidogo.

"Bon," ile sauti ikasema. "Bile biliisha. Nimekusamehe, mukubwa wangu. Enda, rudi."

Sijui kama kuna furaha nyingine iliyowahi kunipata ya namna ile. Nilirudi kwa Madame nikicheka peke yangu. Nilinunua aiskrimu mbili, nikamlisha moja, na nilipokumbuka maneno ya mama juu ya glace nikacheka zaidi. Ndani ya basi nilimsimulia kiongozi, mtu nisiyemjua, kwamba mama yangu amenisamehe. Akanipongeza kwa adabu.

Jioni ile, meli ikiwa imeng'oa nanga, Madame aliitwa ofisini kwenye simu. Binti yake alikuwa anampigia kutoka Brussels. Nilimsukuma hadi mlangoni, akaniambia nimsubiri nje. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Mezani alinikatia nyama yangu, yeye ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimkatia. Aliacha kuniita "vous" ya adabu, akaanza "tu" ya watu wa nyumbani. Usiku aliniambia nisihangaike kumvua soksi, atalala nazo. Nilifikiri ni jua la Ugiriki limempiga, nikamshukuru Mungu kwa jua hilo.

Bari, Alhamisi, ndiyo bandari niliyoifaidi. Hatukuwa na basi. Tulipita vichochoro vya mji wa kale kwa miguu, mimi nasukuma kiti, Madame ananyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Wanawake walikuwa wamekaa nje ya milango yao na meza, wanabonyeza unga kwa kidole gumba kutengeneza tambi ndogo zenye umbo la sikio, wanapiga domo huku mikono inakwenda yenyewe. Ilikuwa kama kwetu wanawake wanapochambua sombe, majani ya muhogo, barazani. Mmoja aliniita, akanipa unga nijaribu, tambi yangu ikatoka mbaya, wote wakaangua kicheko na mimi nikaangua. Madame akanipiga picha. Nilipiga simu nyumbani haraka, mdogo wangu akasema mama ameenda kupimwa presha, nikasema sawa, mwambie namsalimia. Sikung'ang'ania tena. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka.

Jumamosi tuliruka kutoka Venisi. Kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem, Madame alinishika mkono akiwa kwenye kiti chake, akaushikilia muda mrefu hata binti yake akatazama pembeni. Kisha nikawaona watu wangu. Walikuwa watano. Papa wa kanisa letu, mzee tuliyemheshimu sote, na mkewe, na wengine watatu wa Forest, na magari mawili.

Watu watano hawaji kumpokea mtu mmoja aliyetoka kutembea.

Kwetu, habari ya kifo haipitishwi kwenye simu. Mtu aliye mbali, aliye peke yake, aliye safarini, haambiwi. Anaachwa afike, aingie ndani, akae chini, ale kitu, wake kwa waume wamzunguke, ndipo mkubwa mmoja aseme. Nilikuwa naijua desturi hiyo vizuri, maana niliwahi kuitumikia. Jirani yetu mmoja, mwanafunzi, alifiwa na baba yake wakati wa mitihani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia wiki nzima kwamba mzee anaendelea vizuri na anamsalimia. Niliona nimemtendea wema. Sikuwahi kufikiri jinsi wema ule unavyokaa upande wa pili wa simu.

Ndani ya gari waliniuliza kama nimekula. Baada ya dakika tano wakaniuliza tena. Nikamtazama Papa, naye akatazama barabara. Nilijua kuna aliyekufa. Nikaanza kuwahesabu moyoni watu wa Bukavu: mjomba, shangazi, watoto wa shangazi. Mama sikumhesabu. Nilikuwa nimeongea naye siku tatu tu zilizopita.

Sebuleni kwangu makochi yalikuwa yametolewa. Magodoro yalikuwa chini, na juu ya magodoro wanawake wa kanisa, vichwa vimefungwa vitenge. Waliponiona hawakulia, walikuwa wakisubiri. Niliwekewa kiti. Nilipewa chai, nikainywa. Papa akavua kofia.

"Mutoto yetu," alisema, "mama yako ametuacha."

Sikupiga kelele. Niliuliza lini.

"Mardi. Asubuhi. Alianguka mu jikoni. Badaktari bakafika, bakakuta amekwisha."

"Hapana, Papa," nilisema. "Si mardi."

Nilianza kumweleza kwa utaratibu kabisa kwamba wamekosea siku. Nilimwambia Jumatatu tulikuwa Dubrovnik na mimi sikushuka, Jumanne, hiyo mardi yao, tulikuwa baharini, Jumatano tulikuwa Korfu, na Jumatano hiyo saa tano na nusu niliongea na mama, kadi ya simu ninayo kwenye mkoba. Nikafungua mkoba kuitafuta. Hakuna aliyebisha. Nilipoinua kichwa niliona kwamba watu wote wamegeukia pembe moja ya chumba, na pembeni pale alikuwa amekaa mama mdogo, ameinamisha uso.

"Ilikuwa mimi," alisema.

Nilipigwa na butwaa ambalo sijui kama limewahi kunitoka lote. Baba na mama wa mama walizaa mabinti wawili wa sauti moja. Kwenye simu hata sisi watoto tulikuwa tukiwachanganya, tunasalimia huyu tukidhani ni yule. Lakini kuchanganya ni jambo moja. Mdogo wangu alinisimulia yote baadaye. Siku ile ya Jumatano sebule ilikuwa na watu kama thelathini, wanaimba. Simu ilipoita, mtu mmoja akanyoosha mkono, wimbo ukakatika katikati. Mama mmoja alimziba mtoto wake mdomo kwa kanga. Wote walikaa wameshikilia pumzi huku mimi, kutoka barabara ya Ugiriki, naomba msamaha. Hawakunisikia, lakini walimsikia mama mdogo akisema "nimekusamehe", wakaelewa niliomba nini. Mdogo wangu alikuwa ameuma mto ili asilie. Kisha simu ikawekwa chini, na wimbo ukaendelea pale ulipokatikia.

Siku ile nilimrushia mama mdogo maneno ambayo sitayaandika. Aliyapokea yote. Nilimwita mwizi, hilo naweza kuliandika, kwa sababu ndivyo nilivyohisi: kwamba ameiba msamaha wa mama yangu, kwamba mama angenisamehe mwenyewe kama angepewa siku mbili zaidi, na sasa mahali pa msamaha ule pamekaa uongo.

Mama walikuwa wamenitunzia mochwari. Hawakumzika bila mimi. Tulimzika Jumanne, wiki moja kamili tangu aanguke. Madame alikuja kwa teksi, amevaa nyeusi, na mkongojo. Makaburini alinishika bega, akaniambia kwa Kifaransa chake cha darasani kwamba binti yake alimpigia melini, kwamba watu wangu waliomba asiniambie, kwamba alikuwa ameahidi. Alisema hajawahi kufanya kazi ngumu kuliko kukaa nami siku tatu zile. Hilo nalo lilinishangaza. Mzungu wa watu, hajui desturi yetu hata moja, na aliishika bila kutetereka.

Sikusema na mama mdogo miezi mitatu. Kanisani nilikaa upande mwingine. Akipika akatuletea, nilimwachia mdogo wangu afungue mlango. Kisha Madame alisafisha picha zake za safari, akanipa bahasha. Niliziangalia ndani ya tramu. Ile ya Bari ilikuwa nzuri kuliko zote: mimi na wanawake wa tambi, mikono imejaa unga, kinywa wazi hadi magego yanaonekana. Siku ile ya picha mama yangu alikuwa na siku mbili mochwari. Nilishuka tramu kituo kisicho changu, na sikurudi nyumbani. Nilikwenda Chaussée de Wavre.

Mama mdogo alifungua mlango akiwa ameshika kisu; alikuwa anakata vitunguu. Hakuonyesha mshangao. Alirudi kwenye kiti chake, akaendelea kukata. Nilibaki nimesimama na koti langu.

"Mama alisema nini?" niliuliza.

"Wakati gani?"

"Siku za mwisho, mbele afe. Juu yangu."

Aliweka kisu chini. "Unataka kweli, ao unataka nikufariji?"

"Nataka kweli."

Alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Ile dimanche, siku ya kanisa, weye ulikuwa ku mayi, nilikuya kwenu. Nikamwambia, dada, mutoto akipiga simu umuongeleshe, ni mutoto wako wa kwanza. Akageukia ku ukuta. Akasema, 'Iko na nyumba yake. Akae nayo.'" Alisukuma vitunguu pembeni. "Njo neno ya mwisho aliongea juu yako. Kisha yake hakutaja tena jina yako, mpaka mardi."

Nilikaa chini, sikumbuki kwenye nini. Miezi mitatu nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu kwa kuuziba kwa uongo wake msamaha uliokuwa njiani. Hakukuwa na kitu njiani. Mama alikufa amenikasirikia, na aliyelijua hilo ni mtu mmoja tu duniani, na alikuwa ameukubali wizi niliomtukania ili asinitolee neno lile mbele ya watu.

"Ukalia ku simu," mama mdogo alisema. "Ukasema bateau itakuacha. Bon. Ningekupa nini? Ningekupa ile neno ya ukuta?"

Nilivua koti langu, nikalishika magotini.

"Na tena haikuwa bongo, haikuwa uongo. Weye uliomba mama akusamehe. Mimi ni nani kwako? Dada yangu alipougua homa, nani alikunyonyesha? Nilisema nimekusamehe, na nilikuwa nimekusamehe. Ni sauti tu njo nilimwazima."

Chini, duka lilikuwa linafunga. Tulisikia chuma cha mlango kikishushwa. Nililia kwa muda, naye akaniacha nilie. Kisha nikamwambia nataka alirudie lile neno la Korfu.

Mama mdogo alinitazama.

"Na sauti ya nani?"

"Ya kwako, mama," nilisema.